Moshi Uliolala Nje

Juzi nilikuwa nafua nguo za mtoto wangu wa mwisho, huyu aliye kidato cha pili. Nina tabia ya kunusa kola kabla sijaloweka, nijue shati lipi linataka sabuni zaidi. Nilipofika la pili mikono ikasimama. Haukuwa moshi wa kuni. Moshi wa kuni naujua, umekaa katika kuta zangu zote. Ilikuwa tumbaku.

Mama mwingine angetupa shati chini akaanza kuita watu. Mimi nilifanya jambo la aibu. Nilitazama mlangoni kama kuna anayeniona, nikalirudisha lile shati puani, nikavuta pumzi mpaka ikafika mwisho. Nimekaa miaka mingi bila kugusa tumbaku, zaidi ya umri wa mtoto mwenyewe, na bado mate yalinijaa mdomoni. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati mapajani, na Kasulo ile ya zamani, kijiji chetu, ikanijia yote kwa mkupuo, pamoja na jambo moja ambalo sijapata kumwambia mtu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Ngara mnakumbuka miaka ile ya wakimbizi. Mnakumbuka milima iliyokuwa na miti asubuhi na kufikia jioni ikawa imenyolewa. Mnakumbuka maturubai ya bluu yaliyofunika mabonde hadi macho yalipochoka, malori yanayopita mchana kutwa, vumbi jekundu juu ya majani ya migomba, na unga wa njano ambao hata mbwa walikuwa wakiunusa kwanza. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya miguu ambayo wanawake wa kambini waliipita wakienda kutafuta kuni. Kabla yao ilipitiwa na watu watano au sita kwa siku. Sasa walipita watu ambao hatukuweza kuwahesabu, na hatukumjua hata mmoja kwa jina.

Baba alikuwa na kiko cha udongo, chenye mrija wa mti uliokuwa mweusi kwa kushikwa. Tumbaku alilima mwenyewe, mistari mitatu nyuma ya jiko. Majani aliyakausha juu ya moto, akayasokota kama nywele za msichana, akayatundika darini. Jioni alitoa kigoda chake akaketi penye uwazi wa ua wetu wa minyaa, akawasha. Nilipokuwa na miaka sita au saba nilimuuliza kwa nini havutii ndani wakati nje kuna baridi. Akanijibu, "Moshi huu unalala nje ili sisi tulale ndani."

Alikuwa ananitania. Baba alikuwa mtu wa utani mfupi asiocheka mwenyewe. Lakini mimi nililichukua neno lake lilivyo. Tangu siku ile niliamini kwamba fisi, wachawi na wezi wakifika karibu na minyaa wananusa, wanajua mwenye nyumba yupo, wanapita. Nililala vizuri utoto wangu wote kwa sababu ya harufu hiyo.

Mama alikuwa amefariki siku aliyomzaa Editha, mdogo wetu wa mwisho. Baba alitulea watatu: mimi, Leonidas na Editha. Kisha, mvua za kwanza baada ya kambi kujaa, kifua chake kikakataa. Alikohoa mpaka akashindwa kulala chali. Majirani walisema ni vumbi la malori, nasi tukasema ni vumbi la malori. Nilimfunga kitambaa puani. Jioni nilimkokotea kigoda hadi penye uwazi na kumpelekea kaa la moto la kuwashia kiko, maana hakuweza tena kuinama jikoni. Nililibeba kwa kijiti, nikilipuliza lisizime. Hakuna aliyetaja kiko.

Siku ya kuondoa matanga yake, baba mdogo alituketisha uani. Kwetu vitu vya marehemu hukabidhiwa mtoto wa kiume: mkuki, kigoda, kiko. Leonidas alikuwa na miaka kumi. Akapewa vyote mikononi mpaka akawa haonekani, watu wakacheka kidogo.

"Utamshikia mpaka akue," baba mdogo aliniambia. "Sasa, habari ya ninyi wenyewe. Leonidas nitampeleka Nemba, huko Biharamulo, kuna mtu ana ng'ombe anataka mchungaji. Editha ataenda kwa shangazi yenu Murukulazo. Na wewe una miaka kumi na minne, si mtoto. Kuna watu wameshauliza."

"Baba mdogo, sisi tutakaa hapa," nikasema.

"Mtakaa na nani?"

"Na mimi."

Alinitazama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto saba na shamba moja. "Haya. Kaeni. Lakini dunia hii ya sasa siyo ile ya baba yako. Nikisikia mmeibiwa hata jembe moja, nakuja siku hiyo hiyo kuwagawa. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba mdogo."

Nikaacha shule darasa la sita, wiki iliyofuata. Hilo halikuniuma wakati ule kama watu wanavyodhani, kwa kuwa nilikuwa na hofu kubwa zaidi. Jioni ya kwanza tulipobaki peke yetu, niliketi jikoni na wadogo zangu nikisikiliza nyayo za watu njiani. Ua wetu ulikuwa haunuki chochote. Niliona kabisa, kwa akili yangu ya kitoto, jinsi nyumba isiyo na harufu ya mwanamume inavyokuwa wazi kama jeraha. Nikapanda nikashusha msokoto wa tumbaku. Nikavaa koti la baba, nikachukua kigoda, nikaenda kuketi penye uwazi.

Kiko cha kwanza nilitapika. Cha pili pia. Siku ya nne sikutapika. Leonidas alisimama nyuma yangu akauliza, "Dada, unafanya nini?"

"Nalinda."

"Na mimi nije?"

"Wewe kalale. Mlinzi ni mmoja."

Hakuna kitu kilichoibwa mwezi ule wala mwezi uliofuata, ila mkungu mmoja wa ndizi nyuma ya choo, na wizi huo niliuficha kwa kuufukia mgomba uliokatwa ili Leonidas asije akamwambia mtu. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha. Moshi ulikuwa unafanya kazi. Na zaidi ya hayo niligundua faida nyingine: kiko kinaua njaa. Nilikuwa nawapakulia wadogo zangu, nafuta chungu kwa kidole, kisha naenda kuvuta, na tumbo linanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikaona Mungu ametupa akiba. Nikaanza kuvuta asubuhi kabla ya kwenda shambani, kisha mchana, kisha kila nilipopumzika kwenye jembe. Jioni haikuwa tena ya ulinzi peke yake, ingawa niliendelea kuiita hivyo.

Watu walijaribu kunizuia, kila mmoja kwa njia yake. Kisimani, wasichana niliosoma nao walikuwa wakinisubiri.

"Shikamoo, mzee!"

"Mzee, habari za ng'ombe?"

"Mpisheni mzee achote, magoti yanamuuma!"

Nilicheka nao, nikabeba ndoo yangu, nikafika nyumbani nikavuta viko viwili kwa hasira. Kanisani nako wanawake walikuwa wakisogea nikikaa, benchi linabaki na nafasi pande zangu zote kama vile nimebeba ugonjwa. Nilichoacha ni kanisa.

Kisha Editha akaanza kukohoa, nikampeleka kwenye zahanati ya kambini, ambako sisi wenyeji pia tulitibiwa. Muuguzi alikuwa dada mnene mwenye sauti ya upole. Alimpima mtoto, akainua kichwa, akaninusa mimi.

"Unavuta?"

Nikaanza kumfunga Editha vifungo vya gauni.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Mdogo wangu, ukiendelea hivyo hutafika mbali. Mapafu yataoza. Utakufa na miaka hamsini."

Alisubiri nishtuke. Mimi nilishindwa kuzuia furaha usoni. Miaka hamsini! Mama hakufika thelathini. Baba alifika arobaini na kidogo. Mtu ananiahidi hamsini, na ndani ya hamsini Editha atakuwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, na jioni nikavuta kwa amani. Mara nyingi nimemfikiria yule muuguzi. Alisema kweli tupu, lakini aliisema kwa mtu ambaye siku yake ya mbali kabisa ilikuwa Ijumaa.

Sitaki mtu afikiri kwamba sikutaka kuacha. Nilitaka. Nikipanda na ndoo kutoka kisimani, nilianza kupumzika mara moja, kisha mara tatu. Usiku nilisikia kifua changu kikilia mlio nilioujua, mlio wa nyuma ya pazia la baba. Siku kama mbili au tatu nilijiapia asubuhi, nikashinda mchana kutwa mikono ikitetemeka, nikiwagombeza wadogo zangu kwa kila walichoshika. Lakini jua lilipoelekea kuzama, nyayo za njiani zikaongezeka, na nikaona jembe letu limeegemea ukuta. Nitaachaje ulinzi? Nikawasha. Ndivyo nilivyokuwa: usiku niliogopa kiko kitaniua, na jioni niliogopa nisipokivuta wadogo zangu watachukuliwa.

Siku yenyewe nilikwenda sokoni kambini na mkungu wa ndizi kubadilisha na maharage. Leonidas nilimwachia Editha, nikamwambia nitarudi jua likiwa juu. Kumbe lori limeanguka kwenye mteremko, njia imefungwa, watu wamezuiwa upande huu na ule mpaka liondolewe. Nilirudi jua linataka kuzama, nikikimbia na maharage kichwani.

Nilipofika kwenye kona ya mwisho, pale migomba inapoachia nafasi ukaona ua wetu, nikapata harufu. Tumbaku. Nikainua macho nikauona moshi ukipanda penye uwazi wa minyaa, mwembamba, wa taratibu, kama zamani. Na ninawaambia kweli, kwa hatua kama tano hivi sikuwa na miaka kumi na mitano wala sikuwa yatima. Nilisema kwa sauti, "Baba amerudi." Nilikimbia nikicheka.

Kwenye kigoda alikuwa ameketi Editha. Alikuwa na miaka sita. Koti la baba lilikuwa limemfunika mpaka chini, mikono imekunjwa kunjwa, na kiko kilikuwa mkononi kimeinama. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu na jasho limemtoka kama aliyemwagiwa maji. Alikuwa ametapika juu ya koti, na alikuwa ametapika tena na tena. Alijaribu kuniangalia, macho yakanipita.

"Dada," akasema. "Nimelinda."

Leonidas alikuwa ameondoka kunifuata njiani, tukapishana. Kabla ya kwenda, alikuwa amemwambia mdogo wake asitoke ndani. Lakini jua lilikuwa linashuka, watu wanapita, na uani hapakuwa na harufu. Editha alichukua kaa jikoni kwa kijiti, akilipuliza lisizime, kama alivyoniona mimi nikifanya. Alishindilia kiko mpaka juu. Alivuta chote.

Nilimfunga mgongoni kwa kitenge na kushika njia ya zahanati, ile ile niliyotoka nayo. Sikumbuki niliweka wapi maharage. Kichwa chake kilikuwa kinagonga bega langu kwa kila hatua, na kila nilipomwita aliitikia kidogo kuliko mara iliyotangulia. "Editha." "Mm." "Editha." "M." Nilikuwa napanda ule mlima wa mwisho kabla ya kambi. Kifua kiliziba. Miguu ilikuwa inakwenda lakini hewa haikuja. Kulikuwa na jiwe kando ya barabara, nikakaa, nikajiambia napumzika hesabu ya kumi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sikumbuki kukibeba kiko, lakini kilikuwa kwenye mfuko wangu. Sikumbuki kuchukua tumbaku, lakini ilikuwepo, na kiberiti kilikuwepo. Mdogo wangu amefungwa mgongoni, anakufa kwa tumbaku, shingo yake imelegea kwenye bega langu, na mimi nilikaa juu ya jiwe nikashindilia kiko, nikawasha, nikavuta. Sikuvuta mara moja. Malori yalikuwa yanapita yakitumwagia vumbi. Moshi ulikwenda nyuma, nikasikia akikohoa, kikohozi kidogo kisicho na nguvu, na nikageuza kichwa upande wa pili ili nipulizie huko. Hicho ndicho nilichomfanyia. Niligeuza kichwa. Nikaendelea mpaka kiko kikaisha, ndipo nikasimama.

Nilipomwita tena hakuitika.

Nilikimbia. Hewa iliyokosekana mwanzo ilipatikana, sijui ilitoka wapi. Yule yule muuguzi ndiye aliyetupokea. Alimnusa mtoto mdomoni, akanitazama, safari hii hakusema habari za miaka hamsini.

"Nani amempa?"

"Mimi," nikasema.

Walimlaza ubavu, wakamtundikia dripu, wakaniambia nikae nje. Leonidas alinikuta pale, amekimbia njia nzima, akakaa karibu yangu, kisha akasogea mbali kidogo. Najua kwa nini alisogea. Nilikuwa nanuka. Kulipopambazuka Editha aliomba maji. Muuguzi alikuja kuniambia, akaweka mkono begani kwangu, nami nikalia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakadhani tumefiwa.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza kijana anaachaje, mimi sina la mapafu la kuwaambia. Sikuogopa kufa. Nilichoogopa tangu siku ile ni yule msichana aliyekaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikisema navuta kwa ajili ya wadogo zangu, na juu ya lile jiwe niliona kwa macho yangu mawili navuta kwa ajili ya nani.

Kiko cha baba hakivunjwi. Kilikuwa cha Leonidas, mimi nilishika tu, na kwetu kuvunja kitu cha marehemu ni kama kumtukana kaburini. Nilichukua udongo wa kichuguu, ule tunaosilibia mafiga, nikaukanda, nikakijaza kiko mpaka juu, nikakitundika mahali pake. Siku tatu nilikuwa kama mwendawazimu. Nilitafuna majani ya mpera. Nilimpiga Leonidas kwa sababu ya kijiko. Usingizi haukuja, na njaa niliyokuwa naizima kwa mwaka ikarudi yote pamoja. Siku ya nne, alasiri, niliteremsha kiko, nikachukua msumari, nikaanza kuuchokoa ule udongo. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jiko nikichokoa na kupuliza mavumbi. Nilipoinua macho Editha alikuwa amesimama pale, bado mwembamba, ameshika koti la baba ambalo nilikuwa nimelifua.

"Leo zamu ya nani?" akauliza.

Hakuwa ananisema. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza nani ataenda kisimani.

Nilichota udongo mwingine. Nikajaza tena, nikashindilia kwa kidole gumba mpaka kikauma, nikachomoa mrija, na kile kichwa cha kiko nikakifukia katikati ya makaa, nikaongeza kuni. Niliongeza kuni zile ambazo watu walikuwa wakizitafuta kwa mwendo wa siku nzima. Asubuhi nilipokitoa kwenye majivu, udongo wa ndani ulikuwa umeiva, umeshikana na wa nje, kimekuwa kitu kimoja kama jiwe. Nilijaribu msumari. Niseme ukweli, nilijaribu kwa nguvu. Msumari ukapinda.

Baba mdogo alikuja Jumapili, habari za zahanati zilikuwa zimemfikia. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kutuangalia. Akakiteremsha kiko darini.

"Nani amekiharibu?"

"Mimi, baba mdogo."

Akakigeuza geuza, akakigonga kwenye kigoda, akakisikiliza kinavyolia. Nilisubiri aseme Nemba, aseme Murukulazo. Leonidas alikuwa ameshika mkono wa Editha. Baba mdogo akasema, kama anazungumza na kile kiko, "Kaka alitaka kukiacha siku alipozaliwa huyu mdogo. Alinipa mimi nikifiche. Siku ya pili alikuja kunipigia mlango, akilia, mtu mzima." Akakirudisha darini mwenyewe. "Tutaongea baada ya mavuno." Baada ya mavuno alituletea debe la mtama, hakuongea lile la kutugawa.

Lakini jioni ya Jumapili ile mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba ua haunuki chochote na nyayo zinapita. Nilikwenda kuketi penye uwazi kama kawaida, bila koti, mikono mitupu. Mwanamke mmoja wa kambini alikuwa anapita na mzigo wa kuni. Nilimjua kwa sura, alipita kila siku. Akasimama, akanitazama, akasema kwa lugha yao, ambayo haiko mbali na yetu, "Leo mzee wenu havuti?"

"Amelala," nikasema.

Akacheka mpaka kuni zikayumba kichwani. "Mwanangu, mzee gani? Mzee akivuta anatema mate. Anagombana na mtu. Anamwita mke wake amletee maji. Huyu wa kwenu mwaka mzima hajagombana hata na mbwa! Tunajua tangu mwanzo kwamba ni watoto."

Nikainuka kwenye kigoda. "Wote mnajua?"

"Njia nzima."

"Sasa mbona hamkutuibia?"

Akaacha kucheka. Akasogeza mzigo, akatazama upande wa choo chetu. "Mkungu ule wa nyuma kule niliuchukua mimi," akasema taratibu. "Watoto wangu walikuwa na siku mbili bila kula. Ilikuwepo mikungu miwili imekomaa. Nilikata mmoja, nikashika wa pili, nikawaza, hawa nao wamefiwa. Nikauacha."

 Alisimama kidogo kama anayengoja kutukanwa, kisha akaenda zake na kuni zake. Kuanzia kesho yake, kila alipopita, aliita kutoka njiani, "Mpo?" Mara za kwanza sikuweza kuitikia, kwa hasira au kwa aibu, sijui. Jioni moja Editha alinitazama akisubiri, ndipo nikaitikia kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya msichana.

"Tupo!"

Neno hilo ndilo lililolala nje tangu siku hiyo. Jembe halikuibwa. Leonidas sasa ana watoto wakubwa, na kiko kile chenye tumbo la jiwe kimetundikwa kwake. Editha hakumbuki lolote, ila anasema harufu ya tumbaku humtia usingizi, hajui kwa nini. Kila anaposema hivyo naliona jiwe.

Mwanangu alirudi kutoka shule nikiwa bado nimekaa kwenye ile ndoo. Aliliona shati mapajani kwangu kabla hajaniona mimi, akasimama mbali, mahali ambapo mkono haufiki.

"Mama, shikamoo. Huo ni moshi wa kuni."

"Marahaba. Siyo wa kuni."

Akatazama chini. Alikuwa ameshajiandaa kwa mapafu, kwa baba yake, kwa mwalimu wa nidhamu. Nilikuwa na maneno hayo yote mdomoni, na nilikuwa na mate pia, nikayameza yote pamoja.

"Mwanangu," nikamuuliza, "unalinda nini?"

Aliinua uso haraka, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilodhani unalijua.  Lakini hakuondoka. Aliketi kwenye nyasi, mbali kidogo nami, akaanza kuzing'oa moja moja, na mimi nikaliloweka shati, nikamngoja.